Muulize Mfamasia: Mama hamezi dawa zake za presha

Swali: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, huuza mitumba Gikomba na amehudhuria kliniki ya presha kwa miaka kadhaa. Mwezi uliopita alipimwa akapatikana na 178 kwa 104. Muuguzi akamgombeza mbele ya wagonjwa wengine, naye daktari akamwongezea dawa. Juzi nikipanga kabati lake nilikuta bahasha za dawa za miezi iliyopita, nyingi hazijaguswa. Je, wahudumu wa afya wanaweza kumsaidia vipi zaidi ya kumkaripia? *Msomaji, Kayole*

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote, daktari wake anapaswa kujua habari ya bahasha hizo. Alimwongezea dawa akiamini kwamba zile za awali zilikuwa zikimezwa na zimeshindwa kazi. Mama akianza leo kumeza zote kwa pamoja, presha yake inaweza kushuka kupita kiasi, apatwe na kizunguzungu na hata kuanguka. Azitie zote mfukoni, pamoja na alizojinunulia dukani na za mitishamba, azipeleke kliniki bila kungoja tarehe yake.

Karipio humfundisha mgonjwa kujibu "nameza" hata kama hamezi. Mhudumu anayeijua kazi yake huuliza kwa namna inayoruhusu ukweli: "Mama, watu wengi huruka dawa siku moja moja, wiki hii wewe umeruka mara ngapi?" Kisha hutafuta sababu, kwa kuwa ndiyo itakayoamua msaada unaofaa. Baadhi ya dawa za presha, kama vile haidroklorothiazaidi, humpeleka mtu haja ndogo mara kwa mara, na mchuuzi anayeacha bidhaa zake kila saa kwenda choo cha kulipia hupoteza wateja. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza, kipimo au dawa yenyewe, au kumwandikia kidonge kimoja kilichounganisha dawa mbili, lakini hawezi kurekebisha asichoambiwa. Kama tatizo ni pesa, alitaje pia, kwani mara nyingi dawa ileile hupatikana kwa jina jingine na kwa bei nafuu. Wapo pia wanaoacha kwa sababu wanajisikia vizuri, ilhali presha kwa kawaida haiumi, na vidonge huidhibiti bila kuiondoa.

Sisi wa dirisha la dawa nasi tuna lawama yetu. Bahasha ya kaki iliyoandikwa "1 x 2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, si maelezo. Wapo wanaoisoma kuwa ni vidonge viwili kwa mpigo. Mfamasia makini humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyomeza akifika nyumbani, na humsaidia kuambatanisha kidonge na jambo asilolisahau, kama chai ya asubuhi.

Ufuatiliaji nao si lazima uwe wa gharama. Katika utafiti wa WelTel, uliofanyika katika kliniki za Nairobi na Kajiado na kuchapishwa mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za ARV walitumiwa kila wiki ujumbe mmoja wa simu, "Mambo?", wakajibu "Sawa" au "Shida", na aliyekuwa na shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa ujumbe. Ujumbe wenyewe, utaona, hautaji dawa. Huko mtaani kwenu, mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpima mama presha nyumbani na kumsikiliza bila foleni nyuma yake.

Swali: Nikisahau dozi, je, nimeze mbili kwa pamoja? *Msomaji, Umoja*

Jibu: La. Kwa dawa nyingi, ukikumbuka mapema unameza. Saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, unaiacha ile uliyoisahau na kuendelea kama kawaida. Hata hivyo, dawa za kifafa, warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na vidonge vya kupanga uzazi vina masharti yake, kwa hiyo uliza siku ileile unapokabidhiwa dawa.