Maswali ya Wasomaji: Darubini Juu ya Sakafu ya Mbao

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kimepewa kiwanja kidogo kwenye mgongo wa mlima, na tumekusudia kujenga kituo cha kutazamia nyota kwa mbao, kwa kuwa tungependa jengo lisiloumiza mahali litakaposimama. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba jengo la namna hiyo sharti liwe la mawe, kwa hoja kwamba mbao hutikisika, tena huoza upesi kwa ukungu wa milimani. Je, wana haki? Na mbao hizo zipakwe rangi au ziachwe kama zilivyo?

Msomaji wenu, mpenda falaki

JIBU: Ndugu Msomaji, kuhusu mtikisiko wenzako wana haki kabisa, ila dawa yake si kuta za mawe. Darubini inayokuza mara 200 hukuza na kila mtetemo mara hizo hizo, hivyo mtu akihamisha tu uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine juu ya sakafu ya mbao, sayari ya Mshtarii itarukaruka machoni pa anayechungulia. Kwa hiyo jengeni vitu viwili visivyogusana: nguzo ya zege iliyosimikwa kwenye mwamba au udongo mgumu kwa ajili ya darubini peke yake, na nyumba ya mbao inayoizunguka kwa msingi wake yenyewe. Sakafu itobolewe nguzo ipite, na kati ya ukingo wa tundu na zege pabaki mwanya wa sentimita mbili au tatu.

Mwanya huo hunitia wasiwasi kuliko hesabu zote za mhandisi, kwa sababu haupendezi macho. Niliwahi kuona kazi nzuri ikiharibika siku ya mwisho, fundi mwenye nia njema alipouziba kwa papi na kuipigilia misumari, akairanda hata isijulikane ilipoungwa. Tangu usiku wa kwanza kila hatua ya mgeni ikawa inaonekana angani. Mkitaka kuzuia vumbi, tumieni kitambaa kinene kilicholegea. Kisha wekeni bakuli la maji juu ya nguzo, mtu mzito atembee kando yake, na uso wa maji usicheze.

Hoja ya mawe huwageukia wenyewe jua linapotua. Ukuta wa mawe hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha kidogo kidogo usiku kucha, na hewa hiyo ya vuguvugu ikipanda mbele ya darubini, nyota huonekana kama inachemka. Ukuta mwembamba wa mbao hauna akiba kubwa ya joto, kwa hiyo chumba hupoa na kulingana na hewa ya nje mapema. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua mbao, hata kabla ya ile inayotajwa sana, kwamba karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani, nayo itabaki humo muda wote jengo litakapokuwa limesimama.

Ama kuoza, adui si ukungu bali ni maji yaliyonaswa. Kuvu waozeshao mbao hawastawi unyevu ukikaa chini ya asilimia 20, na ubao uliolowa asubuhi ukapata upepo mchana haudhuriki sana. Kanisa la Urnes nchini Norwei, lililojengwa kwa mbao katika karne ya 12, lingali limesimama, na sehemu ya siri yake ni kwamba nguzo zake hazikufukiwa udongoni, bali zimekalishwa juu ya maboriti yaliyoinuliwa kwa mawe. Nanyi inueni kila nguzo ya mbao juu ya kiti cha chuma, kama sentimita 30 kutoka ardhini, upenu utokeze vya kutosha, na ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji kama mrija, zifunikwe.

Jambo moja juu ya paa la kuteleza, yaani lile linalosukumwa kando ili darubini ione anga: mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu karibu hazibadiliki, hivyo paa lipewe nafasi pembeni, la sivyo litakwama usiku ule ule mliousubiri anga itakate. Makomeo yake yawe ya kuhimili upepo. Viungo vifungwe kwa bolti na skrubu, ili ubao mmoja ukiharibika ubadilishwe bila kubomoa jirani zake, na siku kituo kitakapohamishwa kifunguliwe kipande kwa kipande.

Rangi ya nje, iacheni. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka ukali kadiri mtu anavyopanda mlima, nayo huchubua rangi na vanishi upesi, kisha maji hupenya kwenye nyufa na kukosa pa kutokea. Mbao za kiini cha mti unaostahimili kuoza, zikijengwa kama nilivyoeleza, zitageuka kijivu, na kijivu hicho ni cha ngozi ya juu tu. Ndani ya chumba cha darubini ndiko kwa kupaka: nyeusi isiyong'aa, hata dari.