Mama anayelima na kuuza maandazi: aandikwe vipi kwenye sensa?

Dada karani wa sensa, huyo mama mkulima wa Busia uliyeniuliza, anayesema "sina kazi" huku anauza maandazi siku ya soko, usimpitishe hivyo hivyo. Ukiuliza "una kazi?" watu hufikiria mshahara tu. Uliza: katika siku 7 zilizopita uliuza chochote au ulifanya kibarua, hata kwa saa 1? Akikubali, ana ajira. Kama wiki hiyo hakuuza kwa sababu ya ugonjwa, uliza kama biashara bado ipo na atairudia.

Kisha muhogo anaolima: hasa ni wa kuuza au wa kula nyumbani? Kwa vigezo vya kimataifa vya takwimu za kazi vya 2013, kulima chakula cha nyumbani ni kazi ila si ajira. Wengi huchanganya hapo. Na tafadhali, ajibu mwenyewe, si mumewe.