Msimbo mbovu hauondolewi kwa mahubiri

Nilipojiunga na timu moja ya waandaaji wa programu, nilikuta msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ambao kila mtu aliulalamikia na hakuna aliyethubutu kuugusa. Kwa papara ya ugeni nikaandaa slaidi 40 kuhusu kanuni za msimbo safi, nikazungumza saa nzima, wenzangu wakatikisa vichwa kwa kukubali, na kesho yake kila mmoja akaendelea kuandika vilevile alivyozoea. Sikuwalaumu kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimewaeleza kinachonikera mimi, wala si kinachowagharimu wao.

Kilichowagusa baadaye ni kumbukumbu zao wenyewe. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huhifadhi kila badiliko linaloingizwa pamoja na tarehe yake, hivyo nikatoa orodha ya mafaili yaliyobadilishwa mara nyingi zaidi katika miezi 6, kisha nikailinganisha na hitilafu tulizokuwa tumerekebisha. Faili moja, lile la kukokotoa punguzo la bei, lilijitokeza karibu kila wiki. Ndani yake mlikuwa na funksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) ya mistari 900, masharti ya «ikiwa hivi, fanya vile» yamewekwa moja ndani ya jingine hadi tabaka la 7, na jina «data2» ambalo juu lilibeba bei na chini likabeba orodha ya wateja.

Kwa meneja sikutaja usafi hata mara moja. Nilitumia tamathali ya deni, ambayo mwandaaji programu wa Marekani, Ward Cunningham, aliitumia mwaka 1992: msimbo wa harakaharaka ni mkopo, nao hauna ubaya ukilipwa mapema, ila muda wote unaopotea katika kuhangaika nao ni riba. Nikamwonyesha siku ambazo faili lile lilikuwa limetupotezea. Sikuomba miezi ya kuandika mfumo upya, ombi ambalo kwa maoni yangu hustahili kukataliwa mara nyingi; niliomba nusu siku kila wiki, nikapewa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa mwenzetu aliyeliandika faili hilo, tena chini ya shinikizo ambalo sisi wengine hatukulishuhudia. Badala ya kumkosoa, nilimwomba tukae pamoja anieleze kila sharti liliwekwa kwa nini. Sharti moja nililokuwa nimelicheka kimoyomoyo ndilo lililozuia bei kushuka chini ya sifuri pale mteja anapotumia punguzo mbili kwa pamoja, ningelifuta, ningejiaibisha. Tukaandika kwanza majaribio yanayothibitisha jinsi msimbo unavyofanya kazi kwa sasa, pamoja na tabia zake za ajabu, ndipo tukaanza kuugawa kipande kwa kipande. Baada ya wiki chache yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine majaribio yao yako wapi.

Ugomvi wa nafasi na mabano tuliiachia programu ya kupanga msimbo, na mapitio, yaani kusomeana msimbo kabla haujapitishwa, tukayafanya kwa mabadiliko madogo, kwa kuwa mistari 100 husomwa, ilhali mistari 2,000 huandikiwa «sawa» na kupitishwa.

Mistari kama 200 ya funksheni ile ingalipo, na sura yake haipendezi. Haibadiliki wala haileti hitilafu, kwa hiyo sijawahi kumwomba meneja hata saa moja kwa ajili yake.