Wasomaji Wanauliza: Kamera Bandani

SWALI: Nina ng'ombe wa maziwa 60. Kamera na kisoma hereni (kifaa kinachosoma namba ya hereni ya sikioni) viko kwenye mlango wa chumba cha kukamulia. Programu hunitajia ng'ombe wazima kwamba wanachechemea, na yule ninayemwona kwa macho anachechemea haimtaji. Niibadilishe?

JIBU: Usiibadilishe bado. Mzima akitajwa na mgonjwa akaachwa siku hiyo hiyo, shuku saa kwanza. Kisoma hereni kinaandika nani kapita, kamera inaandika kapitaje. Saa zao zikipishana sekunde 5 tu, kuchechemea kwa huyu kunaandikwa kwa anayemfuata. Viunganishe vyote viwili na chanzo kimoja cha saa, kisha simama hapo wapite ng'ombe 20, andika namba zao kwa mkono na uzilinganishe na orodha ya programu.

Kama si saa, basi ni mlango. Hapo ng'ombe anakata kona, anasukumwa, anasita. Mwendo wa namna hiyo haupimiki. Hamishia kamera kwenye ujia ulionyooka, sakafu tambarare isiyoteleza, wanakopita mmoja mmoja wakitoka kukamuliwa. Wakiwa wanaingia, kiwele kilichojaa huwatanua miguu ya nyuma, na programu huona kasoro isiyokuwapo. Kamera ikae ubavuni, mita 3 hadi 4 kutoka ujiani, ipate mgongo wote na walau hatua mbili kamili. Picha 25 kwa sekunde zinatosha.

Ng'ombe mzima mgongo wake umenyooka, asimame au atembee. Mguu ukianza kumsumbua, akisimama mgongo umenyooka, akitembea unapinda: hiyo ni alama ya 2 katika kipimo cha 1 hadi 5. Akifika 3 unapinda hata akisimama. Kamera inalipa kwa kukamata hiyo 2, maana alama ya 4 hata mgeni anaiona. Wapo pia wenye mgongo wa upinde tangu zamani, kwa hiyo kila mmoja alinganishwe na mwendo wake mwenyewe wa wiki mbili zilizopita, na tahadhari itoke mabadiliko yakionekana mara tatu mfululizo. Kisha nyanyua mguu uukague. Kama ni kidonda au jiwe, kamera haijui.

SWALI: Modeli yangu, yaani programu niliyoifundisha kwa video kutambua wanaochechemea, ilipata usahihi wa asilimia 97 kwenye jaribio. Banda jingine ikashindwa kabisa. Kwa nini?

JIBU: Inaelekea fremu (picha moja moja) za video moja ziligawanywa huku na huku, nyingine za kufundishia, nyingine za kujaribia. Fremu mbili zinazofuatana ni kama picha moja, hivyo modeli ilikariri tu. Gawa kwa mnyama na kwa banda: aliyetumika kufundishia asiwemo kwenye kujaribia. Na hiyo 97 isikudanganye: kundi likiwa na wagonjwa 3 kati ya 100, modeli inayosema "wote wazima" inaipata bila kazi.

SWALI: Kamera inaweza kunionya kabla nguruwe hawajaanza kung'atana mikia?

JIBU: Inaweza. Siku chache kabla, mikia iliyojikunja juu huanza kushuka au kubanwa mapajani. Kamera ya juu ya kizimba ihesabu mikia iliyoshuka kwa nguruwe waliosimama tu. Kumtambua mmoja mmoja hakuhitajiki. Idadi ikipanda, kagua upepo baridi, mabomba ya kunywea yaliyoziba na nafasi ya kulia, kisha waongezee majani makavu ya kuchezea. Kwa usiku, tenganisha taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kamera. Ikiwa karibu na lenzi huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja ukimulikwa pale huifanya picha nzima kuwa nyeupe.