Siku mbili Lamu, uanzie wapi?

Dada, umesema unatoka Nairobi kwa ndege, una siku mbili tu Lamu, na unauliza kama utaweza kufika magofu ya Takwa, mji wa kale kisiwani Manda. Utaweza, ila kwanza muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Takwa huingiwa kwa mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko. Maji yakitoka, boti inakwama. Mimi nilijifanya mjuaji, nikamalizia safari kwa miguu, tope magotini na viatu mkononi, nahodha akinicheka waziwazi.

Ndege inatua Manda, kisiwa cha jirani, kisha unavuka kwa boti hadi mji wa Lamu. Patana nauli kabla hujapanda. Usibebe sanduku kubwa: vichochoro ni vyembamba na mchukuzi wa huku ni punda. Ukisikia mtu anakemea nyuma yako, jibanze ukutani, picha baadaye.

Siku ya kwanza tembea tu. Ngome, iliyokamilika 1821, na makumbusho vinakutosha asubuhi moja. Mchana jua ni kali, watu wamejipumzisha, nawe pumzika. Alasiri ndiyo tamu: wazee wako barazani kando ya milango ya nakshi, na ukiwaamkia "shikamoo" utaelekezwa njia hata kama hukupotea.

Shela, kijiji cha ufuoni, ni kama kilomita 3 kutoka mjini, unaenda kwa miguu ufuoni maji yakiwa yametoka. Nguo za kuogelea ziishie huko. Mjini jitande leso. Takwa iweke siku ya pili, saa atakayokupa nahodha.