Bao likipinda, kamera husingiziwa

Ukitaka kupima vipenyo vya magogo ya misindano kwa picha, tuseme huko Mufindi mkoani Iringa, kalibreti kamera kwanza: piga picha za bao la miraba myeusi na myeupe, kama la drafti, lililochapwa kwenye karatasi, ili programu ikadirie lenzi inavyoona na inavyopinda picha. Programu itakupa kosa kwa pikseli: kona ya mraba imeonekana mbali kiasi gani na pale hesabu inapoiweka. Chini ya 0.5, endelea. Likizidi 1, usikimbilie kuongeza vigezo vya mpindo wa lenzi. Namba itashuka, lakini vipimo vya pembeni mwa picha vitaharibika zaidi.

Shuku karatasi kwanza. Hesabu nzima inachukulia kwamba bao ni bapa, na ukungu wa Mufindi hukunja A4 asubuhi moja. Plaiwudi nayo huvimba. Nunua kwa fundi wa aluminiamu kipande cha kioo cha milimita 5, bandika karatasi bila mapovu, kisha simamisha rula juu yake kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipita chini ya rula, bandua urudie. Usilaminishe, mng'ao hufuta kona.

Fokasi ya simu hujibadilisha kila picha, na lenzi nayo hubadilika. Ifunge kwa umbali uleule utakaopimia magogo, usiguse zumu. Picha zihamishe kwa waya, maana WhatsApp huzipunguza ukubwa.

Piga kama 20, bao likiinamishwa nyuzi 30 hadi 45 huku na huku, na lifike pembe zote nne za picha. Zote zikipigwa uso kwa uso kosa hutoka dogo na jibu likawa bovu, kwa sababu programu haijui kama bao liko mbali au lenzi ndiyo fupi, yaani inayoonyesha vitu vidogo.

Soma kosa la kila picha peke yake. Tatu zikiwa na 2 na nyingine 0.3, hizo tatu zilitikisika, zitoe. Zikipanda zote pamoja, rudi kwenye bao au fokasi. Programu isipoliona bao kabisa, huenda umehesabu miraba badala ya kona za ndani: miraba 10 kwa 7 ina kona 9 kwa 6.

Kuna kosa moja ambalo pikseli hazilitaji. Steshenari wakichapa kwa kubana ukurasa ("fit to page"), mraba wa milimita 25 hutoka 24. Pima kwa rula miraba 8 kwa pamoja, ugawanye. Bao hilohilo likiwa ndilo kipimo chako shambani, gogo la sentimita 30 litasomeka 31.25, na ujazo, urefu ukipimwa kando, utazidi kwa asilimia 8 na ushee.