Mtindi umewadhuru wateja: tutangaze, na hasara tuiandike wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaosindika mtindi na kuusambaza katika maduka ya Ngamiani na Chumbageni. Hivi karibuni umeme ulikatika usiku na maziwa yakakaa kwenye tangi bila kupoozwa hadi alfajiri. Kwa kuwa hayakuwa na harufu wala hayakukatika, tuliyachemsha na kuyagandisha kama kawaida. Watu waliokunywa mtindi huo kwenye shughuli moja walianza kutapika baada ya saa chache, na baadhi yao walilazwa, ingawa sasa wote wameruhusiwa. Tumekusanya pakiti tulizozipata na tumelipia matibabu. Mhazini ameandika hasara ya maziwa yaliyomwagwa tu, na anapendekeza tumwachishe kazi binti anayepima maziwa ili kuifidia. Wanachama wengi hawataki tutangaze, wakisema tutaua jina letu. Ushauri wako ni upi? – Katibu wa kikundi, Tanga.

JIBU: Katibu, poleni nyote, na poleni zaidi kwa waliougua. Nitaanza na tangazo, kwa sababu daftari linaweza kusubiri hadi kesho, lakini pakiti iliyomo kwenye friji ya mtu haisubiri. Mmekusanya zile mlizozipata. Zile ambazo hamkuzipata bado zimo majumbani, na huenda mtoto akapewa moja jioni hii. Mwarifuni leo afisa afya wa kata yenu pamoja na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula nchini. Kisha pigieni simu kila duka mlilolipelekea mzigo, na tangazeni katika redio ya hapo mjini. Kama mzigo wote haujamwagwa, wekeni pakiti chache ambazo hazijafunguliwa kwenye baridi kwa ajili ya maabara, kwani bila hizo kila mtu atabaki kukisia.

Maabara ndiyo itakayosema kilichotokea. Hata hivyo, kutapika ndani ya saa chache baada ya kula kwa kawaida huashiria sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu ndani ya chakula chenyewe, na mfano unaojulikana sana ni ule wa bakteria waitwao stafilokokasi. Kuchemsha maziwa huwaua bakteria hao, lakini sumu waliyoiacha hustahimili moto. Kwa hiyo msidanganyike kwamba mlikuwa salama kwa kuwa mlichemsha, wala mtu asipendekeze mzigo uliorudi uchemshwe tena.

Mkasa unaofanana sana na wenu uliwahi kukipata kiwanda kikubwa kuliko vyetu vyote. Tarehe 31 Machi 2000, umeme ulikatika kwa takriban saa tatu katika kiwanda cha kampuni ya maziwa ya Snow Brand kilichoko Taiki, kisiwani Hokkaido, Japani. Maziwa yalikaa vuguvugu, bakteria wakazaliana, kisha yakapitishwa kwenye moto na kukaushwa kuwa unga. Unga huo ulipotumika katika kiwanda cha Osaka, zaidi ya watu 13,000 waliugua katikati ya mwaka huo. Lililowaudhi Wajapani zaidi ni kwamba kampuni ilichelewa kutangaza na kuondoa maziwa sokoni huku malalamiko yakimiminika, na rais wake, aliposongwa na waandishi wa habari, akawajibu kwamba yeye hakuwa amelala. Alijiuzulu, na kiwanda cha Osaka kikafungwa. Kampuni ile ilikuwa na jina kubwa la miaka mingi, nalo halikuuawa na tangazo. Wanachama wenu wanaoogopa kutangaza waelezeni habari hiyo.

Tangazo lenyewe liwe fupi, na lisemwe na mtu mmoja. Litaje aina ya mtindi, siku uliofungashwa, maduka ulikouzwa, mteja afanye nini na pakiti aliyonayo, na mahali pa kurudishiwa fedha. Ombeni radhi bila kuongeza "lakini". Msiulaumu umeme: kukatika kwa umeme si kosa lenu, ila kuuza maziwa yaliyolala bila baridi ni uamuzi wenu.

Sasa nigeukie daftari. Mwaka 1956 Mmarekani Armand Feigenbaum alipendekeza gharama za ubora zigawanywe katika za kuzuia, za kukagua na za kushindwa, na wahasibu wamezoea kuzitenga hizi za mwisho katika hasara ya ndani, yaani kasoro iliyogunduliwa kabla bidhaa haijatoka, na hasara ya nje, iliyogunduliwa na mteja. Mhazini wenu ameandika sehemu moja tu. Nauli ya gari lililorudisha pakiti nadhani ameiweka kwenye usafiri, bili za hospitali kwenye michango, na muda wa vocha wa kuwatuliza wenye maduka hakuuweka popote. Vyote hivyo vihamishiwe kwenye ukurasa mmoja wa hasara ya nje. Maduka yaliyoacha kuagiza mtayakadiria kwa kulinganisha mauzo ya miezi iliyotangulia, na kadirio hilo liandikwe kando ili lisichanganywe na fedha iliyotoka mkononi. Jumla itakapopatikana, ilinganisheni na bei ya jenereta dogo na mafuta yake ya usiku mmoja. Hesabu hiyo ndiyo ya kupelekwa kwenye mkutano.

Kuhusu binti wa vipimo, nasema hapana, ila kwa sababu tofauti na ile mnayoitarajia. Laktomita hutambua maziwa yaliyotiwa maji, na kipimo cha alkoholi hutambua yaliyoanza kuchacha; hakuna hata kimoja kinachoiona sumu niliyoitaja. Hata angepima kwa uangalifu wote alfajiri ile, huenda maziwa yangepita. Kwa hiyo mpeni kazi nyingine juu ya hiyo: kusoma kipimajoto cha tangi jioni na alfajiri, kuandika nyuzi alizozikuta, na kuwa na mamlaka ya kuyakataa maziwa bila kumsubiri mwenyekiti. Maziwa ya kulala yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 hivi. Mamlaka hayo hayana gharama, na nimeona vikundi vingi vikinunua vifaa huku vikimnyima mpimaji haki ya kusema "mwageni".

Jambo la mwisho ni namba ya bechi, ambayo hukuitaja kabisa katika barua yako, nami nakisia kwamba hamna. Kikundi kinachogonga muhuri wa tarehe na tangi kwenye kila pakiti, na kuandika ni duka gani lilichukua zipi, hurudisha mzigo wa siku moja. Kisicho na muhuri hulazimika kurudisha kila kitu kilichoko sokoni, kizuri kwa kibovu, kama nyinyi mtakavyolazimika safari hii. Agizeni muhuri huo kabla ya kufungasha tena.

SWALI: Wateja wamenirudishia pakiti za mtindi walizokwisha kuzifungua, tena bila risiti. Msindikaji anakubali kulipia zisizofunguliwa tu. Nani abebe hasara? – Mwenye duka, Mabawa.

JIBU: Msindikaji. Pakiti iliyofunguliwa ndiyo iliyokaribia zaidi kumdhuru mtu, na kuikataa ni kumwambia mteja aimalize. Walipe wateja wako, andika jina, idadi na tarehe ya kila aliyerudisha, kisha umpelekee msindikaji orodha hiyo pamoja na dai lako. Pakiti zenyewe ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na friji ya kuuzia, na usizimwage kabla afisa afya hajaziona.